Nani Alimwona Mama kwa Macho Yake?

Kijiji cha Dalmoe,
Gyeongsang Kaskazini.
21 Februari 1993.

Mpendwa wifi yangu Jong-nim,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe? Shemeji Sang-gu hajambo, na mgongo wake umepoa? Daniel na Silvia wanaendeleaje na masomo? Huko kwenu Brazil sasa ni kiangazi, watu wanalala madirisha wazi. Hapa theluji imeanguka tena juzi. Bomba la uani limeganda, na kaka yako kila asubuhi analimwagia maji ya moto huku akilinung'unikia kama mke. Mimi magoti yananiuma, lakini nasimama.

Mama yu hai. Nimelitanguliza hilo ili usome mengine ukiwa umekaa vizuri. Anakula uji wa mchele mabakuli mawili, analala, anaamka, ananuna, anacheka. Mguu wake wa kushoto umebakiwa na vidole viwili. Vitatu vilikatwa hospitali mwezi uliopita. Habari hii unayo nusu, wifi, na nusu uliyopewa ndiyo iliyooza.

Ulipopiga simu wiki mbili zilizopita uliongea na kaka yako. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake nafuta mikono, nikingoja zamu yangu nikusalimu. Aliponipa simu nikakuta umekata. Kaka yako hakunieleza ulichosema, lakini simu yetu hii ina sauti kubwa. Nilisikia. Nitafika huko. Nimengoja siku zote hizi hasira ipoe ndipo nishike kalamu, nayo haijapoa sawasawa, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Tangu mavuno ya vuli akili ya Mama imekuwa ikienda na kurudi. Leo anakumbuka hata rangi ya nguruwe aliyechinjwa siku ya harusi yangu, kesho ananiuliza mimi ni mtoto wa nyumba gani. Mara nyingi huvaa koti akasimama langoni, ukimuuliza anakwambia anakwenda kukupokea shule. Humshika mkono nikamwambia leo shule imefungwa, naye hurudi ndani ametulia. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi, na tulikuwa tunaishi vizuri.

Alhamisi ile, tarehe saba Januari, kaka yako alikuwa Busan amepeleka mzigo na lori. Saa tatu asubuhi nikatoa majivu ya makaa kwenda kuyamwaga shambani nyuma. Komeo la lango sikulifunga. Hilo ni kosa langu, nalibeba mwenyewe, sitamtwika mtu. Niliporudi, godoro la Mama lilikuwa bado lina joto na yeye hayupo.

Nikakimbilia kwa mwenyekiti wa kijiji. Sasa ni Pyo, yule aliyekuwa akiwasomea watu magazeti kwa sauti kwa kinyozi hata kama hawataki. Mwaka wa sita huu yuko kwenye kiti, na kipaza sauti kilicho juu ya paa la ukumbi ndiyo starehe yake kubwa duniani. Asubuhi anatutangazia kwamba mbolea imefika, kisha anatueleza mbolea ni kitu gani, kisha anatuhadithia marehemu baba yake alivyokuwa akiitumia. Lakini haki yake nitampa. Siku ile alitangaza mara moja, na kabla ya saa nne watu kama ishirini walikuwa wametoka na fimbo na mabuti. Tukaanzia bwawani, kwa sababu kila mtu alikuwa anaiogopa barafu, ingawa hakuna aliyethubutu kusema.

Tulikuwa bado tunakagua ukingo wa bwawa, saa tano hivi, kipaza sauti kikakohoa.

"Ndugu wanakijiji, furaha! Furaha kubwa! Bibi yetu amepatikana! Yuko salama kabisa, yuko zahanati ya mjini, anapata supu ya moto! Nawashukuru vijana, nawashukuru akina mama, namshukuru na mwenye kinu cha mchele kwa kutuazima tochi..."

Akaendelea hivyo dakika kumi. Akamaliza na orodha ya wanaotaka miche ya pilipili.

Mimi nilikaa chini kwenye theluji nikalia kama mtoto. Watu wakapiga makofi, wakanipiga mgongoni, wakaanza kupanda kurudi kwao. Mmoja tu ndiye aliyebaki amesimama, Maeng. Unamkumbuka Maeng wa shamba la matufaha, yule mwanamume mjane asiye na maneno. Akauliza, "Nani amemwona?"

"Hujasikia kilichotangazwa?" akajibiwa.

"Nimesikia. Nani amemwona?"

Wakamcheka. Mama Tae-bok, yule msusi wa njia panda, ndiyo kwanza alikuwa amefika kuja kutupongeza. Akamwambia, "Maeng, mwaka mzima hufungui mdomo, leo umeufungua umeleta mkosi. Nenda kachemshe mchele wako." Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, Jong-nim. Nilikuwa nimefurahi mno kufikiri. Maeng akachukua fimbo yake akaondoka peke yake, njia ya juu.

Nikapanda basi la saa sita kwenda mjini. Shika hapo, wifi. Nilipanda basi kwa sababu niliambiwa Mama yuko zahanati. Nilikuwa na soksi zake za sufu kwenye mfuko, na blanketi.

Pale zahanati muuguzi alinitazama kwa huruma. "Mama, leo tumepokea watoto wawili wa mafua na mzee mmoja aliyeng'atwa na mbwa. Bibi kikongwe hajaletwa."

Nikaomba simu, nikampigia Pyo ukumbini.

"Hayupo?" akasema. "Basi watakuwa wamemhamishia hospitali ya wilaya. Hali kama hiyo huwa wanahamisha."

"Nani amekwambia amehamishwa?"

"Hakuna aliyeniambia, lakini ndivyo inavyokuwaga."

Ndivyo inavyokuwaga! Nikapigia hospitali ya wilaya, nikaambiwa ningoje, wakatafuta jina, wakatafuta jina la kaka yako, wakatafuta vikongwe wote walioingia siku ile. Hakuna. Sasa ni saa nane na robo, na basi la kurudi ni saa tisa. Nje theluji ikaanza kuanguka, ile nzito isiyo na upepo. Nilisimama kituoni nimekumbatia blanketi, na nilikuwa nimeshajua Mama bado yuko nje.

Nilipofika Dalmoe, wanaume walikuwa ukumbini wanacheza karata. Wanawake wanamenya vitunguu saumu. Mabuti yamepangwa mlangoni, yameshakauka. Nikapiga kelele kwamba Mama hayuko zahanati, hayuko hospitali, hayuko popote. Unajua Pyo aliniambia nini? Alisema, "Tulia kwanza, Ok-bun, usiwatie watu hofu."

Tulikuwa bado tunabishana mlangoni pale Maeng alipotokea kwenye mteremko na Mama mgongoni. Alikuwa amemfunika koti lake, yeye mwenyewe yuko na shati, midomo imekuwa ya buluu. Alimkuta kwenye ngazi za shule ya zamani, ile mliyosoma nyinyi. Ilifungwa miaka minne iliyopita, watoto hawapo tena. Mama alikuwa amekaa pale ngazini wima kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu cha mpira, wa pili una soksi tupu iliyoganda kama ubao. Mapajani alikuwa na kile kikopo chetu cha chakula cha bati, wali umo ndani, na yai juu yake. Maeng ananiambia alipomsogelea, Mama alimwangalia akamuuliza, "Mwalimu, Jong-nim hajatoka? Ameondoka bila chakula."

Alikuwa anakuletea chakula cha mchana, wifi.

Maeng aliniambia maneno mafupi tu. "Yuko hai. Usimsugue mguu. Maji ya vuguvugu, si ya moto." Kisha akakaa chini ghafla.

Daktari alituambia waziwazi kwamba angefikishwa saa sita au saa saba, vidole vingebaki. Zile saa za mchana ndizo zilizovila. Wahenga husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hapa watu walijikwaa ulimi, na vidole vikaondoka vya Mama.

Nilikaa naye hospitali siku ishirini na tatu. Nililala sakafuni chini ya kitanda chake. Mwaka mpya wa kalenda ya mwezi ulitukuta hukohuko, nikamlisha supu ya mchele kwa kijiko huku akinisifu kwamba mimi ni muuguzi mwenye adabu. Kaka yako alikuwa anakuja kila baada ya safari. Siku moja alikuja akakaa muda mrefu anamenya tufaha lile lile.

"Watu wanasema," akaniambia.

"Wanasema nini?"

Nikambana. Ndipo akanitapikia yote. Wanasema Ok-bun alilifungua lango makusudi. Wanasema miaka thelathini ya kumhudumia mama mkwe imemchosha. Na ushahidi wao ni upi? Ni kwamba kijiji kizima kinahangaika kumtafuta bibi, mkwe wake alionekana amepanda basi na mfuko anakwenda mjini.

Basi lile lile! Basi walilonipandisha wao kwa domo lao! Wifi, mimi nimezaa watoto watatu, nimezika mmoja, nimeungua mkono kwa mafuta, nimevunjika mbavu. Sijapata kuumia kama siku ile. Sikulia. Nilikunja nguo za Mama moja moja nikazipanga kabatini, nikajiambia, tukitoka hapa nitauliza nyumba kwa nyumba.

Tulirudi tarehe thelathini Januari. Siku ya pili nikamwachia kaka yako Mama, nikaanza kwa mwenyekiti. Sikumpa nafasi ya kunikaribisha chai.

"Nani alikwambia Mama amepatikana?"

"Ok-bun, hayo yamekwisha, tumshukuru..."

"Nani?"

"Mke wangu."

Mkewe alikuwa jikoni anasikiliza. Akatoka anafuta mikono. "Mimi niliambiwa na Mama Tae-bok. Nilikuwa saluni kwake, nina rola za nywele kichwani, sikuweza kutoka. Nikampigia simu mume wangu ili watu wasiteseke na baridi. Kuna ubaya gani?"

"Ile zahanati uliitoa wapi? Na supu?"

Akababaika. Zahanati alisema ni Mama Tae-bok. Supu akasema hajui. Nikamgeukia Pyo. Akajikuna shingo.

"Ile supu niliiweka mimi," akasema. "Ili habari iwe na joto."

Nikatoka nikaenda saluni. Mama Tae-bok alikuwa na wateja wawili, nikamuuliza mbele yao. Kwanza akajifanya hakumbuki, kisha akakumbuka sana. "Mimi nilikuwa naongea na Mama Mi-ran wa duka kwenye simu. Katikati ya maongezi akaniambia bibi amepatikana. Nami nikamwambia huyu mke wa mwenyekiti, amepatikana. Akaniuliza wapi. Nikasema atakuwa zahanati, wapi tena na baridi hii?"

"Ulisema atakuwa, au ulisema yuko?"

"Sasa Ok-bun, huko si ndiko kutafuta chawa kichwani kwa kipara? Atakuwa, yuko, si yale yale?"

Wateja wakacheka. Nikamwambia, "Kwa aliye saluni ni yale yale. Kwa aliye kwenye ngazi za shule kuna vidole vitatu katikati."

Nikaufunga mlango nyuma yangu.

Kwa Mama Mi-ran nilifika mchana. Unamjua, duka ni lile lile, kaunta ile ile, na yeye yule yule, simu imekaa begani kama kasuku. Nilipomuuliza alinitumbulia macho.

"Mimi? Mimi sikusema bibi amepatikana, naapa kwa mizimu yote. Nilisema kimepatikana. Kiatu!"

"Kiatu gani?"

Akainama chini ya kaunta. Akatoa boksi la viberiti, akatoa furushi la ngisi wakavu, na nyuma yake akatoa kiatu cha mpira cha Mama, cha kushoto. Kilikuwa kimekaa pale siku ishirini na nne.

Muuza tofu za soya, yule anayepita na gari, alikuwa amekiokota saa nne na nusu asubuhi ile, Jong-nim. Alikiona kwenye kona ya shamba la matufaha, njia ya kwenda shule. Yeye si wa kijiji chetu, lakini alikuwa amesikia tangazo la kwanza akatumia akili. Alisimamisha gari, akakileta dukani, akasema, "Kiatu cha bibi kimepatikana kona ya matufaha, mwambieni mwenyekiti sasa hivi." Akaenda zake kuuza tofu vijiji vingine, akiamini amekabidhi kwa mtu mzima. Na huyo mtu mzima alikuwa kwenye simu. Akasema kwenye simu, "Ngoja, cha bibi kimepatikana," akakiweka chini, mteja akaingia kutaka chumvi, na upande wa pili wa simu Mama Tae-bok alikuwa ameshaacha kusikiliza, anamgeukia mke wa mwenyekiti. Ki ikawa a. Kiatu kikawa mtu, mtu akalazwa zahanati, akanyweshwa na supu.

Ningeambiwa mimi saa nne na nusu, "kona ya matufaha," nisingehitaji neno la pili. Ningejua ni shule. Ni mwendo wa dakika ishirini.

Nilimuuliza Mama Mi-ran kwa nini hakusema hata baada ya kusikia tangazo. Akaanza kulia. "Nilisikia amepatikana, nikaona kiatu hakina kazi tena. Halafu ilipojulikana hakupatikana, nikaogopa." Alikuwa ameogopa kusema kuhusu kiatu. Kuhusu mimi na lango na basi hakuogopa. Hayo aliyasema mpaka yakavuka bahari, kwa dada yake anayesali kanisa moja na wewe.

Tarehe sita mwezi huu ilikuwa sikukuu ya mwezi mpevu wa kwanza. Kijiji kizima kilikuwa ukumbini kula wali wa nafaka tano na kuvunja karanga. Nilikwenda. Nilimvisha kaka yako shati safi akaenda na mimi. Pyo alipomaliza hotuba, nikasimama, nikakiweka kiatu juu ya meza katikati ya mabakuli. Nikawaomba wanne wale waseme mbele ya watu, mmoja mmoja, kwa mfuatano, kila mtu alisikia nini na akasema nini. Hakuna zaidi.

Walijiumauma, lakini walisema. Ilichukua muda mfupi kuliko tangazo la mbolea. Walipofika kwenye supu, kuna mtu alicheka kule nyuma, kisha akanyamaza mwenyewe.

Pyo akasema, "Sote tulikuwa na nia njema."

"Nia njema sijaikana," nikamwambia. "Uliza, nia njema ilipita wapi pale Maeng alipouliza nani amemwona? Swali la maneno mawili. Watu ishirini mlikuwepo, hakuna aliyeweza kulijibu, na bado mkaenda kula. Nami nilikuwemo."

Mama Tae-bok akadakia. "Haya, tumekosa. Sasa unataka tufanye nini, tushone midomo? Kijiji kisichoongea si makaburi?"

"Ongeeni mpaka meno yalegee. Mseme nguo yangu, mapishi yangu, sauti yangu. Ila ukisema mtu amepatikana, uwe umemwona. Ukisema mtu amemtupa mama yake, uwe umemwona. Kama hukuona, una mdomo pia wa kuuliza."

Hapo mzee mmoja akamtaka Maeng naye aseme neno, kwa kuwa ndiye aliyemwokoa. Maeng alisimama, kofia mkononi. Kisha akanigeukia mimi na kaka yako, akainama.

"Nilichelewa," akasema. "Nilianza na njia ya kisimani. Ningeanza na ya shule." Akakaa.

Katika ukumbi wa watu themanini, mtu mmoja tu aliomba radhi vizuri, naye ndiye asiye na kosa. Kaka yako alitoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta, mabega yanamtikisika.

Pyo amerudisha ufunguo wa kipaza sauti kwa halmashauri ya kijiji. Wanasema ni kwa sababu ya afya. Mama Mi-ran alileta kikapu cha mapeasi langoni nikakirudisha. Kaka yako anasema nipunguze. Labda kufikia masika nitapunguza. Sasa hivi bado nikimwona na ile simu begani, nasikia damu inanipanda masikioni.

Siku iliyofuata sikukuu ile ndipo simu yako ilipolia. Nilidhani umepiga kutupa pole.

Ulimwambia kaka yako, "Huyo muuaji wako bado yumo ndani ya nyumba?" Ulimwambia anipe nauli nirudi kwetu. Nina miaka hamsini na sita, Jong-nim. Kwetu ni wapi?

Ninaowakasirikia hapa kijijini ni wengi, lakini nitakwambia ukweli, hasira iliyonizidi ni juu yako. Mama Tae-bok ni msusi, maneno ni sehemu ya sabuni yake. Pyo alizaliwa hivyo. Wewe unanijua. Ulipougua homa ya matumbo mwaka wa harusi yangu, ni nani aliyekuosha? Siku unaondoka kwenda Brazil, ni nani aliyeshona vile vitambaa vya kubebea mtoto, usiku na mchana, mpaka kidole kikaota sugu? Uliambiwa habari yangu mlangoni mwa kanisa na mtu ambaye hajakanyaga Dalmoe miaka kumi na minane. Hukumuuliza nani aliona. Ulikuwa na namba yetu ya simu. Ulipoipiga, ulipiga kuhukumu. Nusu ya dunia iko katikati yetu, na ukafanya kitu kile kile walichofanya hawa wa hapa mlangoni. Tena nasikia umewasimulia na wenzako huko, wameniombea nitubu.

Sikuandikii ili unionee haya. Nataka ufanye jambo moja. Jumapili ijayo, pale pale mlangoni mwa kanisa uliposikia, na mbele ya wale wale, usome barua hii. Usiifupishe. Sehemu ya komeo usiifiche, nami sijaificha. Ukimaliza unipigie. Kaka yako akipokea, mwambie anipe simu, na safari hii usikate.

Na kama kuna neno langu lolote hapa hukuliamini, muuza tofu anapita kila Alhamisi. Maeng yupo. Uliza.

Nisalimie shemeji Sang-gu, mwambie aache kubeba marobota peke yake. Wabusu Daniel na Silvia. Silvia mwambie sketi aliyonitumia naivaa ndani, nje baridi hainiruhusu. Kaka yako anakusalimu. Ameandika mistari yake akaichana mara mbili, akasema wewe utajua. Mwanangu Kyu-seok amepata mtoto wa kike, ana nywele nyingi kama zako ulipokuwa mdogo, ndivyo asemavyo Mama siku akili ikiwa imerudi.

Salamu za Mama nimeshindwa kukuombea. Tangu tutoke hospitali ameacha kwenda langoni. Anadhani umesharudi. Asubuhi ninapomfunga bandeji ananishika kichwa, ananipapasa nywele, ananiita Jong-nim, ananiuliza kama nimekula. Mara ya kwanza nilitaka kumsahihisha.

Sasa naitika.

Mizimu ya nyumba hii na huyo Mungu unayesali kwake wakulinde wewe na watoto, wakupe usingizi mwema na masikio mazuri.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,
Ok-bun.